Mwalimu wa Kiingereza Ugenini: Wito au Mshahara?

Barua yenyewe ilitufikia mwishoni mwa muhula, wakati ambapo meza ya mkufunzi huwa imefunikwa na maandalio ya masomo yanayongoja kusahihishwa. Kwa hiyo ilikaa siku tatu kabla hatujaifungua. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kurasa nne, na kuletwa na msafiri wa basi kutoka Rwanda. Mwandishi wake alikuwa mwanachuo wetu miaka sita iliyopita. Tunamkumbuka vizuri: kijana mpole, mchapakazi katika mazoezi ya kufundisha, mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya ya chuo, na mmoja wa wachache ambao maandalio yao ya somo la Kiingereza hayakuwa nakala ya maandalio ya jirani. Alipohitimu alifundisha nyumbani kwa muda, kisha akapata nafasi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya binafsi kusini mwa Rwanda. Aliondoka kwa furaha kubwa, akaombewa kanisani kwake mbele ya watu wote kama mtu anayetumwa.

Sasa alituandikia hivi: "Mkufunzi, shikamoo. Nilipokuja huku niliwaambia watu kwamba Mungu amenituma. Siku hizi, nikisimama ubaoni kuwafundisha watoto jinsi ya kusema 'mimi ni', 'wewe ni', 'yeye ni' kwa Kiingereza, najiuliza kama hii ndiyo kazi niliyoombewa. Watoto hawasemi neno. Jumapili nakaa kanisani kama gogo, maana ibada yote ni kwa Kinyarwanda. Naona nilitumwa na mshahara tu, nami nimemsingizia Mungu."

Sentensi hiyo ya mwisho ilitufanya tuweke kalamu nyekundu chini. Tulimjibu, na jibu letu lilikuwa refu kupita barua yake. Baadaye tuliona kwamba yale tuliyomwandikia yeye yawafaa pia wanachuo wengine, kwa kuwa wengi wenu mtapangiwa kazi mbali na kwenu, na wengine mtavuka mpaka. Na kila mmoja wenu, hata akifundisha katika kijiji alikozaliwa, atawafundisha watoto lugha ambayo kwao ni ngeni. Tunajua kwamba si wote wasomao jarida hili ni Wakristo. Swali la kijana huyu ni la Kikristo kwa maneno yake, walakini mwanachuo Mwislamu aliyepangiwa kazi mbali na msikiti wake atalitambua mara moja.

Kwanza yafaa tueleze hali ilivyo huko aliko. Mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue mahali pa Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Hebu fikirini maana ya uamuzi huo kwa mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi: amesoma kwa Kifaransa, amefunzwa ualimu kwa Kifaransa, vitabu vyake ni vya Kifaransa, naye anaambiwa afundishe hesabu na sayansi kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaikisia. Ndipo walimu kutoka Uganda na Kenya wakaanza kutafutwa, na kutoka kwetu wakaenda pia baadhi. Kwa hiyo kijana wetu hakwenda mahali pasipo na walimu. Alikwenda mahali penye walimu wazoefu, wenye miaka mingi ubaoni kuliko yeye, ambao kwa uamuzi wa siku moja walijikuta wanafunzi tena. Jambo hili hakulitaja hata mara moja katika kurasa zake nne, nasi tulilihesabu kuwa kosa lake la kwanza. Mtu asemaye "nimetumwa" huwa na hatari ya kudhani kwamba aendako hakuna mtu.

Mkufunzi mwenzetu mmoja, tulipomsomea barua hiyo, alicheka. Alisema ya kwamba kijana anajitesa bure. Kazi ni kazi, mshahara ni haki, na mwalimu anayezungumza juu ya wito ndiye anayesahau kuandika azimio la kazi. Maneno haya si ya kupuuzwa. Tumewaona walimu waliojaa maombi na wasioandaa somo. Tumewaona pia waajiri wanaopenda sana neno "wito", maana ni neno linalowasaidia kuchelewesha mishahara. Mwalimu Mkristo ana haki ya kulipwa kama fundi yeyote, tena ana haki ya kudai. Hata Mtume Paulo, alipofika Korintho, alikaa kwa Akila na Prisila na kufanya nao kazi ya kushona mahema. Hatusomi mahali popote kwamba aliona haya kwa sababu ya ujira wa mahema, wala kwamba mahema yake yalivuja kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwenye mahubiri. Ingawa hivyo, mwenzetu alikosea katika jambo moja. Alidhani kwamba kijana analalamika kwa sababu ya kupokea mshahara. Sivyo. Kijana analalamika kwamba haoni uhusiano kati ya kitenzi anachokiandika ubaoni na sala aliyoombewa. Na mtu asiyeona uhusiano huo hawezi kuponywa kwa kuambiwa asitafute.

Katika kumjibu tulimkumbusha habari za walimu wengine waliopata kusimama ugenini wakifundisha kwa Kiingereza. Mmoja ni William Smith Clark, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa chuo cha kilimo huko Massachusetts. Mwaka 1876, akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, aliitwa na serikali ya Japani kusaidia kuanzisha chuo cha kilimo katika mji wa Sapporo, kisiwani Hokkaido. Ni miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mabango ya serikali yaliyopiga marufuku Ukristo yaondolewe, mwaka 1873. Clark alifundisha kwa Kiingereza, kwa sababu hakuwa na lugha nyingine ya kufundishia huko, na kwa ruhusa aliyoipata kwa shida akaitumia Biblia katika mafundisho ya maadili. Alikaa miezi minane tu. Mwezi wa Aprili mwaka 1877 alipanda farasi akaenda zake, akiwa amewaachia wanafunzi wake hati ya agano la imani waliyoitia sahihi.

Wanafunzi wa mwaka uliofuata hawakufundishwa naye. Miongoni mwao walikuwamo Nitobe Inazo na Uchimura Kanzo. Nitobe baadaye aliandika kwa Kiingereza kitabu juu ya maadili ya Kijapani kilichosomwa sehemu nyingi za dunia, na tangu mwaka 1920 hadi 1926 alikuwa naibu wa katibu mkuu wa Shirikisho la Mataifa huko Geneva. Uchimura akawa mmoja wa waandishi na walimu wakuu wa Kikristo nchini Japani. Clark mwenyewe hakuona mengi ya hayo. Aliporudi kwao aliacha chuo, akajiingiza katika biashara ya migodi, kampuni ikaanguka, jina lake likachafuka, akafa mwaka 1886.

Habari hii hupendwa sana na watu wanaotaka kuwatia moyo walimu, nasi tumeisikia ikisimuliwa kwa namna ambayo haitufurahishi. Husimuliwa hivi: fundisha tu, ndugu, huwezi kujua, labda nyuma ya darasa lako ameketi Nitobe. Hii ni faraja ya bahati nasibu. Madarasa mengi hayana Nitobe. Katika darasa la watoto sitini, wengi watakuwa wakulima, wachuuzi, mafundi na mama wa nyumbani. Na kama ualimu wetu una thamani pale tu atokeapo mtu mkubwa, basi tumewaambia watoto hamsini na tisa kwamba walikuwa wakimsindikiza mmoja. Tulimwomba kijana wetu asijitie moyo kwa njia hiyo.

Lipo jambo jingine katika habari za Sapporo ambalo wasimulizi huliruka, nasi tunaona ndilo lenye mafunzo. Uchimura alieleza katika kitabu chake alichokiandika kwa Kiingereza na kukichapisha mwaka 1895, kwamba yeye hakulitia sahihi lile agano kwa hiari. Wanafunzi wa mwaka wa juu, wale waliofundishwa na Clark, walimbana mpaka akasalimu amri. Ni kweli kwamba baadaye aliamini kwa moyo wake wote. Walakini sisi walimu hatuna ruhusa ya kuhesabu mwisho mwema kuwa ni kibali cha njia mbaya.

Huko huko Japani, katika mji wa Kumamoto, alikuwako mwalimu mwingine, Leroy Lansing Janes, aliyepata kuwa askari. Alifika mwaka 1871 kufundisha katika shule ya elimu ya Kimagharibi. Hakujua Kijapani, hakuwa na mkalimani darasani, akafundisha masomo yote peke yake kwa Kiingereza; na wanafunzi walioelewa mapema aliwapa kazi ya kuwafundisha wenzao. (Mbinu hii mnaijua, mkiitumia, msiwapange siku zote watoto wale wale.) Kwa miaka kadhaa hakusema habari za dini. Kisha akawakaribisha waliotaka waje nyumbani kwake kusoma Biblia. Tarehe 30 Januari mwaka 1876, vijana thelathini na watano hivi walipanda kilima cha Hanaoka wakatia sahihi tamko la imani yao. Mji ukachafuka. Familia za heshima ziliona aibu kubwa, vijana wengine wakafungiwa majumbani, na mwaka huo huo shule ikafungwa. Janes alikuwa mgeni, akafunga mizigo yake akaondoka. Vijana walibaki na wazazi wao.

Ndugu wanachuo, hapa ndipo tunapotaka mkae kidogo. Mwalimu Mkristo aliye ugenini anapofurahi kwamba mwanafunzi amevutwa na imani yake, gharama ya furaha hiyo hulipwa na mwanafunzi. Wale wa Kumamoto walikuwa vijana, nao waliweza kupima. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kupima. Yeye humpenda mwalimu, akasema lolote linalompendeza mwalimu. Kwa hiyo tunasema wazi, ingawa wako ndugu zetu katika imani watakaochukizwa: kulitumia somo la Kiingereza kuwa chambo cha kuwavutia watoto wadogo wa watu kwenye dini ni udanganyifu. Mzazi ameuza mbuzi wake ili mtoto ajifunze Kiingereza. Apewe Kiingereza. Akitaka mafundisho ya dini, mahali pake panajulikana na saa yake inajulikana. Kama mtoto atauliza, "Mwalimu, kwa nini wewe hutupigi?" basi mwalimu ajibu ukweli, kwa sentensi moja, na somo liendelee.

Je, basi mwalimu huyo amebakiwa na nini cha kufanya kama Mkristo? Amebakiwa na somo lenyewe. Tunajua kwamba jibu hili linaonekana dogo. Mtu aliyeaga kwao kwa nyimbo na machozi hapendi kuambiwa kwamba utume wake ni kuandaa somo la dakika arobaini, kufika kabla ya kengele, kusahihisha madaftari yote na si ya safu ya mbele tu, kumwita kila mtoto kwa jina lake na kulitamka jina hilo sawasawa. Lakini hebu tumtazame mtoto. Mtoto hajui mwalimu aliombewa wapi. Anajua kama daftari lake limesomwa au limepigwa alama ya vema bila kusomwa. Anajua kama alipokosea aliinuliwa au alichekwa. Kwa macho yake, hayo ndiyo mahubiri yote ya mwalimu.

Edward Carey Francis alikuwa mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1928 aliacha kazi hiyo, akaja Maseno, Kenya, kama mwalimu wa misheni. Mwaka 1940 akawa mkuu wa Alliance High School, Kikuyu, akakaa hapo hadi mwaka 1962. Alikuwa mkali, na si kila mtu aliyepita mikononi mwake alimpenda. Lakini sisi hutukumbuka zaidi kile alichofanya baada ya kustaafu. Mtu huyu, ambaye wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakiingia katika serikali ya Kenya huru, hakurudi Uingereza kupumzika, wala hakutafuta cheo. Alikwenda kufundisha darasani katika shule ya Pumwani, mtaa wa watu maskini jijini Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine, hadi alipokufa mwaka 1966. Mtu akituuliza wito waonekana wapi, tutamwonyesha miaka ile ya Pumwani kabla ya kumwonyesha ile ya Alliance.

Hata hivyo hatuwezi kulitaja jina la Alliance pasipo kuukabili upande wa pili wa jambo hili. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance katika miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 yale yaliyompata alipokuwa shule ya msingi: mtoto aliyeshikwa akizungumza Kikuyu alichapwa, au kutozwa faini, au kuvishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumtukana. Watoto walifundishwa kushtakiana. Kiingereza kikawa lugha ya akili, na lugha ya mama ikawa ushahidi wa kosa. Tunalitaja jambo hili si kwa sababu ni la zamani. Katika barua ya kijana wetu, ukurasa wa tatu, alitueleza kama kwa kupitia tu kwamba katika shule anayofundisha kipo kibao cha mbao, ambacho mtoto aliyesema Kinyarwanda hukivaa mpaka amkamate mwenzake. Mkurugenzi wa shule amemwagiza kila mwalimu akitumie. Naye kijana alikitumia. Kisha, ukurasa wa nne, akashangaa kwa nini watoto hawasemi neno.

Tuliandika pembeni mwa barua: watasemaje? Mtoto aliyekatazwa kusema kwa lugha anayoijua, na asiyeijua bado ile anayotakiwa kuisema, amebakiwa na njia moja tu, nayo ni kunyamaza. Ukimya wa darasa lile haukuwa uvivu wala hofu ya mgeni. Ulikuwa utii.

Huku pwani yetu, wageni wa kwanza wa Kikristo katika karne ya kumi na tisa walianza kwa njia nyingine, na hapo tunawasifu bila kuficha makosa yao mengine. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846 na kukaa miaka ishirini na tisa mpaka akapofuka, walitumia nguvu zao nyingi kuandika maneno ya wenyeji kabla ya kuwataka wenyeji wajifunze maneno yao. Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864 alikaa chini ya walimu Waswahili kama mtoto wa chuoni, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa lugha yetu. Waliona kwamba mgeni asiye mwanafunzi hawezi kuwa mwalimu. Sisi tunaokwenda kufundisha kwa jirani tumelisahau jambo hilo upesi, labda kwa kuwa twadhani jirani si ugenini.

Basi ushauri wetu kwa kijana ulikuwa wa namna hii. Ajifunze Kinyarwanda, na ajifunze mbele ya darasa. Asingoje kukijua vizuri kwanza. Kwa mtu wa Kiswahili lugha hiyo ina milango mingi iliyo wazi: "umwana" ni mwana, "abantu" ni watu, "igitabo" ni kitabu, "amazi" ni maji. Lakini milango mingine ina vizingiti vya kukwaza. Neno "imbwa" likiandikwa, Mswahili hudhani analijua, ni mbwa. Walakini Mnyarwanda halitamki kama sisi. Kati ya b na w husikika sauti ya g, na ulimi wetu haujazoea. Tulimwambia achore mbwa ubaoni, alitamke neno hilo kwa Kinyarwanda chake kibovu, na awaombe watoto wamsahihishe. Watacheka. Awaache wacheke mpaka wachoke, kisha ajaribu tena, na tena, hadi apate au ashindwe. Baada ya hapo, na si kabla, awaonyeshe kwamba wao nao wana kizingiti chao, maana watu wengi wa Rwanda huchanganya sauti za r na l, kama wafanyavyo Wajapani, na kama wafanyavyo wengi wa watoto wetu hapa nyumbani. Aandike "rice" upande mmoja wa ubao na "lice" upande wa pili, achore sahani ya wali na kichwa chenye chawa, na awaulize yeye amekula nini jana usiku. Mtoto aliyemwona mwalimu akikosea bila kufa ataweza naye kukosea. Tumefundisha mbinu za somo la Kiingereza kwa miaka kadhaa sasa, na hatujapata zana ya kufundishia iliyo rahisi kuliko hii wala inayogharimu zaidi majivuno ya mwalimu.

Kuhusu kibao, tulimwambia asikitumie tena. Tulijua kwamba tunamwambia jambo zito. Yeye ni mgeni, ana mkataba, ana mama anayetegemea fedha zake. Tulimshauri asifanye uasi wa maneno mengi, wala asiwachochee walimu wenzake. Akae na mkurugenzi faraghani, amweleze kwa adabu sababu za kitaalamu, na amwombe muhula mmoja wa kujaribu njia nyingine katika darasa lake peke yake. Amruhusu mtoto aeleze wazo kwa Kinyarwanda, kisha darasa zima lisaidiane kulisema kwa Kiingereza. Hivyo mtoto hulisikia wazo lake mwenyewe likivaa lugha mpya, badala ya kukariri wazo la kitabu.

Kuhusu Jumapili tulikuwa na machache. Tulimwambia aendelee kwenda kanisani hata kama haelewi, akae karibu na waimbaji wa besi, maana tuni nyingi za nyimbo ni zile zile alizoziimba hapa, na sauti yake haihitaji kamusi. Tunao msemo wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana huyu aliondoka kwao akiamini kwamba yeye ndiye mgeni wa msemo huo. Tulimwomba aangalie kama huenda katika mwaka wake wa kwanza mgonjwa ni yeye, na wale walimu wa zamani wa Kifaransa, ambao hakuwataja, ndio waliokaa karibu naye kila siku katika chumba cha walimu wakiwa na dawa. Mwalimu mwenye miaka ishirini ya kazi, ambaye Kiingereza chake kinapepesuka, anaweza kumfundisha kijana jinsi ya kulituliza darasa. Naye kijana anaweza kumsaidia kusahihisha sentensi zake jioni bila watoto kuona. Hapo pana urafiki, na kwa Mkristo aliye peke yake urafiki wa namna hiyo ni riziki.

Jambo la mwisho tulilomshauri ni la ofisini. Anunue daftari la kurasa mia moja, ampe kila mtoto ukurasa wake, na kila Ijumaa aandike jambo moja ambalo watoto watano waliweza kulifanya wiki hiyo na hawakuliweza wiki iliyopita. Asiandike alama za mtihani. Aandike mambo kama haya: ameuliza saa, amesoma mstari mzima bila kusimama, amecheka kwa Kiingereza mahali panapostahili kuchekwa. Moyo wa mwalimu huvunjika kwa kuhesabu vitu visivyo mikononi mwake, yaani wangapi watafaulu, wangapi watamkumbuka, wangapi wataamini. Daftari lile huhesabu vilivyo mikononi mwake. Siku akitaka kusali na asipate maneno, asome kurasa mbili tatu za daftari hilo kwa majina. Sisi hatuoni tofauti kubwa kati ya kusoma huko na sala.

Barua ya pili ilifika baada ya miezi minne, fupi zaidi. Mkurugenzi hakukubali kukiondoa kibao shuleni. Amekubali tu kwamba kisiingie katika darasa moja, na hajasema lolote juu ya mkataba wa mwaka ujao. Kijana ana wasiwasi, nasi tunao. "Imbwa" bado inamshinda. Mwalimu mmoja wa makamo, aliyesomea ualimu kwa Kifaransa, humfundisha matamshi kila siku wakati wa uji, naye hulipwa kwa kusahihishiwa maandalio yake. Na msichana mmoja, ambaye kwa muhula mzima hakuwahi kufungua kinywa, alinyosha mkono katikati ya somo la hesabu akauliza kwa Kiingereza, bila kulazimishwa na mtu, kama mama yake mwalimu anajua kwamba mwanawe hawezi kusema mbwa. Ana kosa la kitenzi katika swali lake, aliandika kijana, lakini hakulisahihisha siku ile.

Mwishoni anaomba picha za wanyama kutoka katika kalenda za zamani, kubwa za kutosha kuonekana na mtoto wa safu ya nyuma. Hadi sasa tumekusanya kumi na moja: ng'ombe wako watatu, twiga, na hata nyangumi mmoja. Ya mbwa hatujapata. Mwanachuo aliye nayo ailete ofisini kwetu kabla ya chuo kufungwa, maana yule msafiri wa basi anarudi Rwanda wiki hiyo.